Umeme wa Jua na Mzigo Usioonekana

Katika mji mkongwe wa Lilongwe, karibu na mto ulioupa mji mkuu wa Malawi jina lake, liko soko la mitumba liitwalo Tsoka. Kwa Kichewa neno hilo maana yake ni mkosi, yaani bahati mbaya. Lakini wauzaji wa hapo hawalijali jina hilo hata kidogo, kwani kila kukicha wao wako mbiombio kuitafuta riziki. Hapo utakuta nguo, viatu, simu, redio na vipuri vya kila namna. Na siku hizi hukosi kuona, katikati ya vitu hivyo, paneli za sola zilizoegemezwa ukutani zikingoja mnunuzi.

Tulipopita hapo tulikuta mabishano. Mzee mmoja, ambaye ana mashine ya kusaga mahindi karibu na Dzaleka, alikuwa amebeba inveta yake ndani ya gunia ili aiuze. Alikuwa akisema Kiswahili cha upande wa Kongo, nalo si jambo la kustaajabisha. Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali ambapo zamani, katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, palikuwa gereza. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo tangu alfajiri hadi usiku.

Malalamiko ya mzee yalikuwa haya. Alifunga paneli juu ya paa la mashine yake na kuziunganisha na umeme wa shirika, ili mchana jua limsaidie. Baadaye fundi alikuja na kipimo chake, akapima, akatikisa kichwa. Kabla ya paneli, alisema fundi, pawa fakta ya mashine ilikuwa 0.80, sasa imeshuka hadi 0.47. “Jua limeuharibu umeme wangu,” alisema mzee. Mnunuzi alikwisha kuanza kuhesabu fedha, tena fedha kidogo sana kuliko thamani ya chombo chenyewe.

Je, mzee alikuwa na haki ya kuiuza inveta ile? Swali hili si lake peke yake. Kambi za jeshi, vyuo vya polisi, zahanati na mabohari katika Afrika Mashariki na Kati zinafunga paneli juu ya mapaa yao, na maofisa ugavi wengi watakuja kukutana na tarakimu ile ile iliyomtisha mzee wa Dzaleka. Asiyeielewa huweza kuliuza jambo jema kwa bei ya hasara. Na anayeidharau huweza kulipa fedha za umma bila sababu. Hivyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

MSAFARA NA WASINDIKIZAJI

Mota ya umeme, kama ile ya mashine ya kusaga au ya pampu ya maji, haizunguki mpaka kwanza ndani yake itengenezwe sumaku. Kwa kuwa umeme wetu hupiga mizunguko 50 kila sekunde, sumaku hiyo hujengwa na kubomolewa mara 100 kila sekunde. Nguvu inayoijenga hutoka kwenye laini, huingia katika mota, kisha hurudi ilikotoka. Haisagi mahindi wala haipandishi maji. Lakini bila hiyo hakuna kusaga wala kupandisha.

Askari ataelewa upesi tukisema hivi: laini ya umeme ni kama barabara inayopitisha msafara wa chakula. Katika malori yamo magunia, na wamo pia askari wanaousindikiza msafara. Magunia hufika na kuliwa. Wasindikizaji hufika, hugeuka, hurudi. Wao si chakula, lakini bila wao chakula hakifiki, nao wanashika nafasi katika malori kama vile magunia yanavyoshika.

Magunia ndiyo kilowati, yaani nguvu inayofanya kazi. Wasindikizaji ndio nguvu ya sumaku, ambayo mafundi huipima kwa KVAR. Na ukubwa wa msafara wote, ambao ndio unaochosha barabara, ni KVA, ile ile inayoandikwa juu ya transfoma na jenereta. Pawa fakta basi ni jibu la swali moja tu: katika msafara huu wote, sehemu gani ni chakula? Ikiwa ni 1, msafara mzima ni magunia. Ikiwa ni 0.80, kuna wasindikizaji wa kutosha. Ikiwa ni 0.47, mtu akiutazama msafara barabarani huona wasindikizaji wengi kuliko magunia.

HESABU YA HATUA

Nguvu hizi mbili hazijumlishwi kama shilingi kwa shilingi. Zinajumlishwa kama hatua juu ya ramani. Askari akienda hatua 20 mashariki, kisha hatua 15 kaskazini, umbali wake wa moja kwa moja toka alipoanza si hatua 35, bali ni 25. Kilowati ni hatua za mashariki, nguvu ya sumaku ni hatua za kaskazini, na KVA ni ule umbali wa moja kwa moja.

Tuchukue basi mashine ya kusaga inayovuta kilowati 20 pamoja na KVAR 15. KVA yake ni 25. Gawanya 20 kwa 25 upate 0.80, na hiyo ndiyo pawa fakta aliyoikuta fundi zamani.

Sasa jua limepanda, na paneli zinatoa kilowati 12. Inveta nyingi ndogo, zitokapo kiwandani, zimepangwa zitoe kilowati tupu, bila nguvu ya sumaku. Kwa hiyo laini ya shirika sasa inaleta kilowati 8 tu, kwa sababu 12 zimelimwa hapo hapo nyumbani. Lakini mota ni ile ile, na sumaku yake ni ile ile. KVAR 15 zote bado zinatoka kwenye laini. Hatua 8 mashariki, hatua 15 kaskazini: umbali ni 17. Gawanya 8 kwa 17 upate 0.47.

Tarakimu ya fundi ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa katika maana aliyoipa. Kambi iliyolima shamba lake imepunguza magunia yanayopita barabarani, wasindikizaji hawakupungua, basi sehemu ya chakula katika msafara imeshuka. Lakini je, msafara umekuwa mkubwa zaidi? La, umekuwa mdogo, kutoka KVA 25 hadi KVA 17. Katika umeme wa volti 400 wa njia tatu, mkondo umeshuka kutoka ampea 36 hadi kiasi cha ampea 24 na nusu. Waya zimepoa, wala hazikuzidi joto. Transfoma imepumua. Hakuna kilichoharibika.

Tena, mteja mdogo anunuaye umeme kwa yuniti hulipia kilowati zilizotumika, halipii wasindikizaji. Mzee wa Dzaleka, kwa kila saa ya jua kali, anajiokolea yuniti 12. Kwake yeye tarakimu ya 0.47 ni habari tu, si mkosi.

WAPI HASARA ILIPO

Lakini yasemwayo juu ya mashine moja ya kusaga hayatoshi kwa kambi. Wateja wakubwa wa shirika la umeme la Malawi, ESCOM, kama wale wa TANESCO nchini Tanzania, hulipia pia KVA, yaani ukubwa wa msafara, juu ya yuniti wanazotumia. Nchini Kenya mteja mkubwa ambaye pawa fakta yake iko chini ya 0.90 hutozwa nyongeza. Hapo ndipo wasindikizaji wanapoanza kula mfukoni.

Tuseme kambi ina mzigo mara kumi ya ule wa mzee: kilowati 200, KVAR 150, KVA 250. Inafunga sola ya kilowati 120. Mchana kilowati za laini zinashuka hadi 80, yaani zimepungua kwa asilimia 60. Ofisa aliyeandika maombi ya fedha huenda aliwaahidi wakubwa wake kwamba hati ya umeme nzima itapungua kwa kiasi hicho hicho. Lakini KVA imeshuka kutoka 250 hadi 170 tu, yaani asilimia 32.

Na hata hiyo asilimia 32 huenda asiione. Malipo ya KVA hupimwa kwa kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa katika mwezi. Ikiwa saa moja jioni, jua limekwisha kutua, jiko linapika, pampu zinajaza matangi na taa zote zinawaka, basi KVA inarudi 250, na mita inaiandika. Siku moja ya mawingu mazito yatosha kufanya vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi yuniti zimepungua sana, lakini mstari wa KVA uko pale pale. Na pawa fakta ya mchana, ambayo kabla ya sola ilikuwa 0.80, sasa ni 0.47. Pasipo maelezo, watu huanza kushukiana: fundi hushukiwa kwamba amelaghai, na ofisa ugavi kwamba amekula. Kumbe hakuna mwizi. Kuna hesabu ambayo haikufanywa kabla ya kununua.

JENERETA LA KAMBI

Kuna mahali pengine ambapo askari hana budi kuangalia sana, napo ni kwenye jenereta. Sola iliyofungwa kwa kuunganishwa na laini, bila betri, hujizima mara laini inapokatika, hata kama jua ni la utosi. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili fundi aliyepanda nguzo asiuawe na umeme utokao juu ya paa la mtu. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoipiga Malawi, nchi nzima iliingia gizani, na kituo cha Kapichira katika mto Shire, chenye megawati karibu 130, kiliharibiwa kikawa hakifanyi kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Siku kama hizo aliyekuwa na paneli bila betri wala jenereta alikaa gizani mchana kweupe.

Basi kambi huwasha jenereta, na mafundi wengine huiunganisha sola ifanye kazi pamoja nalo. Hapo hesabu ile ile inarudi, tena kwa ukali. Jenereta la KVA 250 kwa kawaida limeundwa kutoa kilowati 200 kwa pawa fakta ya 0.80. Sola ikichukua kilowati 120, injini ya dizeli inabaki na kilowati 80 tu, lakini upande wa umeme wa jenereta bado unabeba KVAR 150 zote. Injini inafanya kazi nyepesi, ilhali koili zinafanya kazi nzito. Injini ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu kwa mzigo mdogo sana haichomi mafuta vizuri. Hujaa masizi na kuharibika kabla ya wakati wake. Na ikiwa sola itazidi mzigo wenyewe, nguvu itataka kurudi ndani ya jenereta, jambo la hatari. Kwa hiyo sola na jenereta haviunganishwi bila chombo maalumu cha kuipunguza sola mzigo unapopungua.

DAWA ZILIZOPO

Dawa ya kwanza haina gharama: kuzima mota zinazozunguka bure. Mota isiyo na kazi hula kilowati chache, lakini huvuta nguvu ya sumaku karibu sawa na ile inayovutwa na mota yenye kazi. Vivyo hivyo mota kubwa mno iliyofungwa mahali pa mota ndogo huleta wasindikizaji wengi kwa magunia machache.

Dawa ya pili imo ndani ya inveta yenyewe. Inveta za kisasa zaweza kutoa nguvu ya sumaku pamoja na kilowati, mradi zina nafasi. Turudi kwa mzee wetu. Ikiwa inveta yake ni ya KVA 15, inaweza kutoa kilowati 12 na KVAR 9 kwa wakati mmoja, maana hatua 12 mashariki na 9 kaskazini ni umbali wa 15 barabara. Basi laini ya shirika inabaki na kilowati 8 na KVAR 6, ambazo ni KVA 10. Pawa fakta imerudi 0.80, na msafara uliokuwa 25 sasa ni 10. Lakini kama angelinunua inveta ya KVA 12, kilowati 12 zingaliijaza yote, isibaki nafasi ya kitu kingine wakati wa jua kali. Kwa hiyo nafasi hiyo huombwa siku ya kununua; baada ya kufunga ni kuchelewa.

Lakini tahadhari! Katika mipango ya inveta, tarakimu ya pawa fakta ina pande mbili: upande wa kutoa nguvu ya sumaku na upande wa kuivuta. Fundi akikosea upande, inveta ya mzee, badala ya kutoa KVAR 9, itavuta KVAR 9 nyingine. Laini italeta kilowati 8 na KVAR 24, ambazo ni KVA 25 na zaidi kidogo. Yaani mtu amenunua sola, jua linawaka, paneli zinafanya kazi, na msafara barabarani ni mkubwa kuliko kabla hajanunua kitu. Kosa hili halitoi moshi wala halipigi kelele. Hujulikana kwa kupima tu, kabla na baada ya kubadili mipango. Na mipango yenyewe haibadilishwi bila ruhusa ya shirika la umeme.

Dawa ya tatu ni ya zamani, nayo ni kapasita. Kapasita hutengeneza karibu na mota ile nguvu ambayo sumaku inaihitaji, kama kituo cha walinzi kilichojengwa kambini, ili wasindikizaji wasisafirishwe kila siku kutoka mbali. Faida yake juu ya inveta ni kwamba haingoji jua. Ile KVA ya saa moja jioni nayo hushuka. Katika kambi yetu ya mfano, kapasita za KVAR 90 zingeishusha KVA ya jioni kutoka 250 hadi 209. Lakini kapasita zisizojizima usiku, wakati mota zimelala, hupandisha volteji kupita kiasi na kuunguza taa na redio. Hivyo kambi yahitaji zile zinazojiwasha na kujizima kwa hatua kufuata mzigo. Tena zichaguliwe na fundi anayeijua inveta iliyopo, kwani vyombo hivi viwili vikichaguliwa bila kuangaliana huweza kusumbuana.

JAMBO LA TAIFA

Mtu akitoka Tsoka kwenda Dzaleka hufuata barabara ya kaskazini ipitayo Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kamuzu. Katika uwanja huo umo mtambo wa jua wa kilowati 830 ulioungwa na laini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwaka 2013. Baada yake imekuja mikubwa zaidi: ule wa Salima wa megawati 60, ulioanza kazi mwaka 2021, na ule wa Golomoti, wilayani Dedza, wa megawati 20 pamoja na betri, ulioanza mwaka 2022.

Mitambo hiyo imekuja katika nchi ambayo umeme wake mwingi kwa miaka mingi umetoka katika maporomoko ya mto Shire, kusini, na kusafiri mbali mpaka Lilongwe. Nguvu ya sumaku haipendi safari ndefu. Kadiri inavyosafirishwa mbali, ndivyo volteji inavyozidi kudhoofika njiani na waya zinavyozidi kupoteza nguvu kwa joto. Ndiyo maana mitambo mikubwa ya jua, duniani kote, kwa kawaida hutakiwa isaidie kushika volteji kwa kutoa au kuvuta nguvu ya sumaku kama laini inavyohitaji. Mtambo wa jua unaotoa kilowati tupu umefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine umeiachia vituo vya mbali. Na kila kambi inayojitengenezea nguvu yake ya sumaku huacha nafasi katika laini ile ile inayopeleka umeme hospitalini na mjini.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa hiyo, ndugu askari uliyepewa kusimamia kazi ya namna hii, usiridhike na ahadi ya kilowati. Dai karatasi yenye tarakimu tatu, yaani kilowati, KVAR na KVA, zilizopimwa mchana na jioni kabla ya kufunga, na makadirio ya hizo hizo baada ya kufunga. Uliza inveta ina nafasi kiasi gani ya kutoa nguvu ya sumaku. Uliza nani ataipanga, na nani atapima baada yake. Uliza jenereta litakuwaje. Fundi mwaminifu hatakasirika, atafurahi kuulizwa.

Huko Tsoka, tuliomba nafasi tukachora hatua hizo mavumbini kwa kijiti: nane mashariki, kumi na tano kaskazini. Mzee alizitazama kwa muda mrefu, akauliza mara mbili juu ya ile kumi na saba, na kama kweli ni ndogo kuliko ishirini na tano. Tukamwambia azipime mwenyewe. Akatoka mwanzo wa mchoro, akahesabu kwa miguu yake, mnunuzi akimngoja na fedha mkononi. Kisha akaifunga inveta ndani ya gunia lake, akauliza gari la Dowa linaondoka saa ngapi.